Gusa Bila Hofu (Sehemu ya Sita)

Sindano ilikuwa imebaki upana wa kidole kufikia ngozi ya Chepngeno.

Hapo ndipo tulipowaacha wiki iliyopita, na kuna mama mmoja wa Ndanai aliyetuma ujumbe hapa gazetini akisema hajapata usingizi tangu siku hiyo. Mama, hata leo hutalala. Weka kikombe chini, usome.

Na wewe uliyechelewa kupanda, shika hapa. Phyllis, mkulima wa chai wa Merigi, alijitolea kuwa mzazi wa kusindikiza watoto wa Gredi ya Sita waliokwenda Kericho mjini kuona samaki wa bahari katika lile jumba jipya, Nyumba ya Bahari. Wakati wa kurudi, binti yake Chepngeno akaanguka kwenye ngazi ya basi. Kabla ulimi haujamwia mzito alisema maneno matatu tu: "Mama, simbi imeniuma." Basi likaondoka na watoto wengine. Sasa Chepngeno amelala hospitalini, macho yamefumba, mikono imelegea, na daktari ameamua kwamba huo ni woga wa wasichana, adungwe dawa ya usingizi.

Phyllis hakupiga nduru. Alishika.

Alimkamata daktari kifundo cha mkono kwa vidole vilivyochuma chai tangu utotoni, vidole vyeusi kwenye ncha ambavyo sabuni imeshindwa navyo. Sindano ikasimama hewani.

"Mama, niachilie!" Daktari Kepher alikuwa kijana, macho mekundu kwa zamu ndefu. "Unataka nimdunge vibaya?"

"Sitaki umdunge hata vizuri."

"Mama Chepngeno!" Mwalimu Nyagaka aliinuka kwenye kiti. "Hebu mwache daktari afanye kazi yake. Unatuaibisha mbele ya watu."

"Mwalimu, kaa chini."

Mwalimu akakaa. Hata yeye mwenyewe alijishangaa.

"Mama, nisikilize," daktari akasema, sasa kwa upole wa kubembeleza mtoto. "Presha iko sawa. Homa hana. Mwezi uliopita tuliletewa wasichana wa shule moja, darasa karibu lote, wameanguka hivi hivi. Hawakuwa na kitu! Mmoja akiogopa, mwili unamfuata. Huyu akilala kidogo ataamka akiitisha chai na mkate."

"Na macho? Mbona hafungui?"

"Anayafumba kusudi."

Phyllis akainama. Kwa kidole gumba akainua kope ya binti yake. Jicho lilikuwa pale, jeusi, zima, linamwangalia yeye. Alipoachilia, kope ikaanguka kama pazia lililokatika kamba. Na chini ya kope, pole pole, likatoka chozi moja likateremka mpaka kwa sikio.

"Umeona?" Sauti ya Phyllis ilianza kupanda. "Daktari, umeona hiyo? Mtoto yuko ndani humo! Anatusikia tukimwita muongo na hawezi kujitetea!"

Daktari aliirudisha sindano nyuma kidogo.

Sista Dorcus, muuguzi mnene mwenye sauti ya chini, akasogea upande wa pili wa kitanda. "Daktari, kuna ile alama niliyokuambia. Hapa kwa paja, chini ya mfuko wa sketi." Akainua shuka. Palikuwa na kitone kidogo kama cha pini, na ngozi inayokizunguka imekuwa ya rangi ya zambarau. "Nimemfinya hapa kwa nguvu. Hakushtuka hata."

"Huo ni mwiba, sista."

Sauti ilitoka mlangoni. Wote wakageuka.

Alikuwa Bwana Robert, meneja wa Nyumba ya Bahari. Suti ya kijivu, viatu vya kung'aa, na mkononi pakiti ya juisi aliyosema ameletea mgonjwa. Tangu mtoto aletwe, mtu huyu hakuwa amebanduka. Alikuwa amemfungulia Phyllis mlango wa gari, akampa pole, akampigia mwalimu magoti kwa maneno. Phyllis alikuwa amemwona mtu mwema.

"Pale langoni kwetu tuna maua ya miiba," Robert akasema. "Nitaambia wafanyakazi wayakate. Lakini ndani, sista, hatuna kitu cha kudhuru mtu. Ni samaki tu. Tangi la kugusa ni la watoto kabisa."

"Mtoto alisema ni simbi imemuuma," Phyllis akasema.

Mwalimu Nyagaka akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Ni kicheko cha mtu aliyechoka. "Simbi! Mama Chepngeno, simbi si ni kama kifungo cha shati? Wewe umewahi kuumwa na kifungo?"

Sista Dorcus akatabasamu. Hata daktari, mdomo ukamcheza.

Na tusimwonee mwalimu. Phyllis mwenyewe alikuwa amecheka pale kwenye ngazi ya basi. Kwao Merigi, simbi ni kitu cha kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha. Amezaliwa akiziona zimeshonwa kwenye ngozi ya mfuniko, nyeupe, kavu, kimya, pamoja na shanga. Bibi alizirithi kwa bibi. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza zilitoka wapi, wala nani alikuwa akikaa ndani yake kabla hazijashonwa. Ni kama kuuliza kijiko kilizaliwa na nani. Simbi haina mdomo. Simbi haiumi.

Kwa hiyo simbi ilimchekesha kila mtu aliyeisikia siku hiyo.

Isipokuwa mmoja.

Bwana Robert alikuwa ameiminya ile pakiti ya juisi mpaka ikapasuka. Juisi ilikuwa inamwagika, to, to, to, juu ya viatu vyake vya kung'aa. Na hakuwa na habari.

Phyllis aliiona juisi. Akakiona kiatu. Akapandisha macho pole pole mpaka usoni mwa Robert.

"Haya, mimi niwaache," Robert akasema upesi. "Nina wageni. Daktari, mpe hiyo dawa alale, gharama zote zije kwangu. Mwalimu, tutaongea."

"Ngoja kidogo, Bwana Robert."

"Mama, nimechelewa kweli."

"Nimesema ngoja."

Phyllis alikuwa ameshafika mlangoni. Yeye si mwanamke mkubwa. Lakini alisimama pale katikati, na meneja angelazimika kumpiga kikumbo mbele ya watu ili apite.

Akili yake ilirudi mbio mpaka asubuhi ile.

Aliwaona tena watoto wa Merigi wakiingia kwenye lile jumba lenye baridi, midomo wazi, watoto ambao maji makubwa kuliko yote waliyoyajua ni bwawa la kunyweshea ng'ombe. Akamwona papa mdogo akizunguka na kuzunguka bila kusimama. Akamwona kasa, gamba lake limechubuka, anakigonga kioo kwa pua, anarudi nyuma, anakigonga tena mahali pale pale. Mtoto mmoja aliuliza, "Anataka nini?" na Robert akajibu, "Anawasalimia!" na watoto wakampungia mkono.

Kisha tangi la kugusa. Dimbwi la saruji la kufika kiunoni, lenye nyota za bahari, kaa wadogo na makonokono ya kila namna. Juu yake bango la buluu: GUSA BILA HOFU. Robert mwenyewe aliwapangisha watoto foleni, akachukua ganda moja kubwa lililokauka, akawa anawawekea masikioni mmoja mmoja. "Sikieni bahari! Wangapi wamesikia?" Wote walisikia. Hata Phyllis alipewa zamu yake, akasikia, akaona haya kwa furaha aliyoipata.

Na Chepngeno? Chepngeno alibaki ukingoni mwa dimbwi wenzake walipoondoka. Mkono wa sweta ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko.

Kwa nini alibaki? Phyllis alijua kwa nini, na kujua huko kulimchoma. Wiki ijayo ni koito ya Janeffer, shangazi yake Chepngeno. Wazee wa upande wa bwana wanakuja kuposa. Kogo, bibi wa mtoto, amekataa kukitoa kibuyu chake kikubwa mbele ya wageni kwa sababu simbi moja ya mfuniko imepotea na mfuniko umebaki na kipara. Akang'oa mwenzake, akampa Phyllis kama mfano: tafuteni ya kufanana na hii huko mjini. Na asubuhi, wakipanda basi, Phyllis akamwonyesha mtoto akasema, "Huko kwa bahari yao hawawezi kukosa simbi moja ya kogo."

Ile ya mfano ilikuwa bado kwenye mkoba, imefungwa kwa kitambaa.

Phyllis akaingiza mkono mkobani. Ulipotoka, ulikuwa ngumi.

"Bwana Robert," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. Wanaomjua wangekimbia. "Nilisahau kukuambia. Hii nimeitoa kwa mfuko wa sketi ya mtoto. Ni yenu. Chukua mali yako uende nayo."

Robert aliitazama ngumi. Kutoka kwenye ngumi, kati ya vidole, kipande cheupe kilichungulia.

"Weka chini," akasema.

"Kwani iko nini?"

"Mama, weka chini. Pole pole."

"Si ni kifungo cha shati? Mwalimu amesema." Phyllis akapiga hatua mbele.

Robert akapiga hatua nyuma. "Mama, sikia..."

"Ni ya watoto kabisa, umesema." Hatua nyingine. "Sista, si umemsikia? Hakuna kitu cha kudhuru mtu."

"Usinikaribie nayo!"

"Wewe ni mwanaume mzima na suti yako. Lete mkono." Mgongo wa Robert ukagonga ukuta, chati ya mgonjwa ikaanguka chini. Phyllis akasogeza ngumi mpaka karibu na kifua chake, pale tai inapoishia. "Gusa, Bwana Robert. Gusa bila hofu."

"TOA HIYO KITU!" Ilikuwa sauti ya mtu anayezama. "Ina sumu! Inaua! Itatuua wote wawili, toa!"

Sista Dorcus akaachilia shuka.

Huko nje kwenye kibaraza mtu alikuwa anasukuma kigari chenye gurudumu bovu, linalia kwi, kwi, kwi.

Phyllis akafungua ngumi. Kwenye kiganja chake ilikuwa simbi ya kogo, ndogo, kavu, na uzi mwekundu bado umening'inia mahali iliposhonwa.

"Hii haijaua mtu," akasema. "Ilikuwa kwa kibuyu. Sasa tuambie ile nyingine."

Daktari Kepher aliiweka sindano kwenye sinia. Aliiweka kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeweka chini bunduki aliyokuwa akiichezea bila kujua imejaa risasi. Kisha akamshika Robert kola ya suti.

"Sumu gani? Ongea!"

"Ni konokono," Robert akasema. Maneno sasa yalimtoka yakikanyagana. "Konokono wa bahari. Yule mrefu mrefu mwenye gamba la maua maua. Ana kitu ndani kama sindano, akishikwa anadunga. Haiumi sana. Mtu anaweza kudhani ni mwiba. Halafu mwili unalala. Macho, ulimi, mikono..." Akakitazama kitanda. "Mwisho kifua."

"Na akili?"

"Akili inabaki."

"Dawa yake ni gani?"

"Haina. Nilisoma kwa simu. Mtu anasaidiwa kupumua tu, anapumuliwa, anapumuliwa, mpaka sumu iishe yenyewe. Wengine wanapona. Haki wanapona."

Daktari aliitazama sindano kwenye sinia. "Na mimi nilikuwa nampa ya kumlegeza zaidi," akasema. "Wewe ukiwa umesimama hapo. Ukaniambia nimpe alale."

"Daktari!" Sista Dorcus alikuwa ameweka kiganja juu ya kifua cha Chepngeno. "Daktari, kifua! Kifua hakipandi!"

Na hapo, msomaji, kila kitu kikaenda kwa pamoja.

Daktari alimrusha Robert kando kama gunia. Kitanda kikavutwa kutoka ukutani. Midomo ya Chepngeno ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu. Sista alimfunika mdomo na pua kwa kile kikombe cha mpira, akaanza kuufinya ule mfuko wa hewa kwa mkono. Fifiii, kifua kikapanda. Kikashuka. Fifiii, kikapanda.

"Usiache, sista. Mwalimu! Wewe, mwalimu! Kimbia juu, waambie nataka mashine ya kupumulia na mtu wa kuiendesha, sasa hivi! Waambie mtoto hapumui!"

Mwalimu Nyagaka alikimbia. Kiatu kimoja kilibaki mlangoni.

"Mimi nifanye nini?" Phyllis akalia. "Daktari, nipe kitu nifanye!"

"Ongea naye. Anasikia. Mwambie asiogope."

Phyllis akapiga magoti kando ya kichwa cha binti yake. Chozi jingine lilikuwa limetoka chini ya kope.

"Chepngeno. Ni mama. Hakuna mtu anakuita muongo tena, umesikia? Ulisema ukweli kutoka mwanzo, na sisi wakubwa tukacheka. Sasa usijisumbue kupumua. Wacha sista akupumulie. Wewe kazi yako ni moja tu, kungoja. Kama vile tunangoja gari la kuchukua majani ya chai kwenye kituo, si unajua? Linachelewa, linachelewa, lakini linakuja. Ngoja na mimi."

Fifiii. Kifua kikapanda.

Nyuma yake Robert alikuwa amejikunja pale chini ya ukuta. "Mama," akaanza. "Mama Chepngeno, tafadhali. Tuongee kama watu wa nyumbani. Mimi ni wa Kipkelion, wewe ni wa Merigi, sisi si wageni. Jumatatu nina wageni wakubwa kutoka Nairobi. Hii ikitoka nje..."

Phyllis hakugeuka. "Alifikaje kwa lile dimbwi?"

"Nani?"

"Usinichezee. Huyo konokono. Alitembea?"

Fifiii. Fifiii.

"Alikuja na mawe kutoka pwani," Robert akasema mwishowe. "Waliotuletea walituonya tusimshike. Nikamweka peke yake, kwa tangi la nyuma. Lakini lile dimbwi la watoto lilikuwa limepoa, mama. Konokono weusi weusi tu, hakuna mtu anasimama. Na yeye ni mrembo. Nikasema nimweke wiki moja tu, wageni wapite, halafu nimtoe."

"Ulimweka wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kwa mkono?"

Robert akaficha mikono kwapani.

"Nimeuliza, ulimweka kwa mkono?"

"Kwa koleo," Robert akasema, kwa sauti ya kunong'ona. "Lile refu, la chuma."

Hapo ndipo Phyllis alipogeuka. Sista Dorcus baadaye aliwaambia wenzake kwamba amefanya kazi hospitali miaka mingi, ameona watu wakipigana kwa mapanga na kuletwa wote wawili, lakini uso kama ule hajauona.

"Kwa koleo," Phyllis akasema. "Wewe, na mikono mikubwa hiyo, ulitafuta koleo. Ukasimama mbali, ukamshika kwa chuma, ukamweka mahali pa watoto. Halafu ukaenda ukaning'iniza bango. Ulipanda ngazi ukilining'iniza? Ulisimama ukaangalia kama limekaa sawa? Watoto wangu wakija kutoka Merigi, watoto hawajui bahari ni nini, hawajui kuogopa kwa sababu hakuna mtu amewaambia kuna kitu cha kuogopa, wewe unajua! Ni wewe peke yako unajua! Na unawaambia weka mkono!"

"Mama, nisamehe..."

"Usiniite mama! Mimi mtoto wangu ni huyu, na hapumui!"

Alikuwa ameinua mkono. Robert alijifunika kichwa. Lakini mkono haukushuka, kwa sababu mlango ulifunguliwa kwa kishindo, mashine ikaingia ikisukumwa na watu wawili, na nyuma yao Mwalimu Nyagaka akichechemea na kiatu kimoja.

Tutawapitisha haraka hapo, maana mzazi yeyote hataki kusoma jinsi mpira unavyoshushwa kooni mwa mtoto. Ulishuka. Mashine ikawashwa. Ikapumua. Na kifua cha Chepngeno kikaanza kupanda na kushuka taratibu, kama cha mtu aliyelala baada ya kazi. Majivu yakaanza kuondoka midomoni. Daktari Kepher akajifuta jasho kwa mkono wa koti.

"Akipita usiku huu," akasema, "nina matumaini. Mama, usingenishika ule mkono..." Aliichukua ile sindano, akaimwaga yote kwenye sinki.

Phyllis akaketi sakafuni. Mwalimu Nyagaka akaja akaketi kando yake, hapo hapo chini, na suruali yake safi.

"Mama Chepngeno," akasema. "Mimi nilicheka."

"Hata mimi nilicheka, mwalimu. Wacha sasa."

Mzazi unayesoma haya huko Sotik, huko Bomet, huko kokote: shule ikikuletea habari ya safari, usitazame tu nauli. Uliza wanakwenda kugusa nini. Na ukikuta mahali pameandikwa usiogope, muulize aliyeandika yeye mwenyewe anashika kwa kitu gani. Ukiona koleo nyuma ya mlango, mshike mtoto wako mkono mrudi nyumbani. Tuendelee.

Kwa sababu Robert, pale chini ya ukuta, alikuwa ameinua kichwa.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani tena?" daktari akamkemea.

"Konokono. Mama alitudanganya na ile ya kibuyu. Ile yenyewe haijapatikana." Uso wake ulikuwa umepauka. "Daktari, lazima apatikane. Bado yuko hai."

"Nje ya maji?"

"Akiwa kwa kitu chenye unyevu, anaishi masaa mengi. Na anadunga tena. Hana sumu ya mara moja."

Sista Dorcus aliruka nyuma kutoka kwenye sketi iliyokuwa chini ya kitanda. Akaiinua kwa ncha ya ufagio, akaipapasa kwa mpini. Mfuko ulikuwa umelowa. Mfuko ulikuwa mtupu.

"Kitambaa chake cha mkononi pia hakiko," Phyllis akasema, akisimama. "Alikuwa na kitambaa. Mwalimu, begi lake liko wapi?"

Mwalimu Nyagaka aliinuka pole pole kutoka sakafuni.

"Mwalimu!"

"Lilikwenda na basi," akasema. "Alipodungwa alikitoa kile kitu, kimefungwa kwa kitambaa, akakiweka kwa kontena la chakula ndani ya begi. Quinter alimwona. Mtoto wa jirani yenu, huyo Quinter wa Mama Aoko. Nilimpa begi alibebe. Aliniuliza, mwalimu, na simbi ya kogo? Nikamwambia..." Akakitazama kiatu chake kimoja. "Nikamwambia ampelekee."

Phyllis alikuwa ameshatoa simu. Vidole vile vilivyoshika mkono wa daktari bila kutetemeka, sasa vilikosea namba. Akaanza upya. Basi lilikuwa limefika Merigi zamani. Nyumbani alikuwa kogo, na Rebeccah, kitinda mimba wa Phyllis, mwenye miaka minne.

Simu ikaita. Ikaita. Ikaita.

"Haloo! Chamgei!" Ilikuwa sauti ya kogo, yenye furaha, na nyuma yake kelele za watoto wengi. "Phyllis! Mko wapi? Mtoto ameamka? Watoto wa basi wamesema ni kizunguzungu tu."

"Kogo, nisikilize. Ile simbi..."

"Woi, simbi! Kongoi, asante sana! Mwambie Chepngeno bibi yake ameiona. Si ni malkia hii! Kubwa, na maua! Haitatosha kwa mfuniko, lakini nitaifunga kwa mshipi wa kibuyu, wale wageni wa Janeffer wataangalia mpaka wasahau chai..."

"Kogo, iweke chini! Iweke chini sasa hivi! Usiishike!"

"Unasema? Hawa watoto wana kelele, sikusikii. Wamejaa jikoni kwangu wote, na foleni wamepanga. Quinter anawafundisha vile walifundishwa huko. Ati ukiweka kwa sikio unasikia bahari!"

"KOGO!"

"Usinipigie kelele, Phyllis. Mimi sijasikia kitu, masikio yangu yamezeeka. Lakini huyu mdogo wako anasikia. Ngoja nikuelezee, utacheka." Na kogo, huko Merigi, akaanza kucheka yeye mwenyewe. "Rebeccah ameiweka kwa sikio hapa, amefunga macho. Ati anasema bahari inamlamba."